Pembe za Fimbo ya Gofu na Safari ya Mpira Hewani

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pembe zilizomo katika fimbo ya gofu zinavyoamua mpira utapaa kiasi gani, utaelekea wapi na utapinda vipi ukiwa hewani. Huenda msomaji akajiuliza gofu imeingiaje katika jarida la walimu na wanafunzi wa Kiswahili. Sababu ni mbili. Kwanza, walimu wetu wamekuwa wakilalamika kwamba vifungu vya ufahamu vinavyohusu sayansi na ufundi ni haba, na vile vilivyopo vinarudia yale yale ya malaria, misitu na kompyuta. Pili, mchezo wenyewe tunaupita kila siku. Hapa Kampala uwanja wa gofu uko katikati ya jiji, katika bonde la Kitante, baina ya vilima vya Kololo na Nakasero. Abiria wa teksi katika barabara ya Yusuf Lule huweza kuuona mpira ukipaa, ukainama njiani na kutua mahali ambapo mpigaji hakupataka.

Mpigaji huyo, hasa akiwa kijana anayejifunza kwa fimbo kuukuu za kurithi, huambiwa mara moja kwamba mikono yake ndiyo mibovu. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingine kosa limo ndani ya chuma chenyewe, nalo hupimika kwa nyuzi kama tunavyopima pembe ubaoni. Ni haki kijana huyo alijue jambo hilo kabla hajaacha mchezo, na hakuna sababu ya kumweleza kwa Kiingereza.

Istilahi kwanza

Vifaa vya gofu havijapata majina ya Kiswahili yaliyokubalika na wote. Makala haya yatatumia neno fimbo, ingawa najua kuwa kwa mwanafunzi neno hilo humkumbusha mambo mengine ya darasani. Fimbo ina mpini, shingo na kichwa. Kichwa kina uso, yaani upande unaogonga mpira, na soli, yaani upande unaogusa ardhi. Ncha ya kichwa iliyo mbali na mpini tutaiita kidole, na ile iliyo karibu na mpini tutaiita kisigino. Fimbo za kichwa chembamba cha chuma hupewa namba, hivyo tutasema chuma namba 7 au namba 9. Fimbo ndefu kuliko zote, ile ya kuanzia mchezo katika mashimo ya mbali, tutaiita draiva, na zile fupi za kuutoa mpira mchangani au kuurusha juu karibu na shimo tutaziita weji. Sheria inamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14.

Tutashughulikia pembe tatu (nasisitiza ni maneno mawili, si pembetatu). Ya kwanza ni pembe ya uso, yaani kiasi ambacho uso umelala chali kutoka wima. Ningependa kuiita ulalo, ila wenzetu wa hisabati wamekwisha kulichukua neno hilo kwa mstari unaounganisha pembe mbili zinazokabiliana. Ya pili ni pembe ya mpini, yaani pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi wakati soli imekaa sawasawa chini. Ya tatu ni pembe ya soli, yaani kiasi ambacho ukingo wa nyuma wa soli umeshuka chini kuliko ukingo wa mbele. Mbali na hizo kuna mwelekeo wa uso, kushoto au kulia. Huu hutokana zaidi na mikono kuliko kiwanda, lakini tutaona kwamba kiwanda nacho kina mkono wake humo.

Mifano yote inamhusu mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Wa mashoto ageuze kushoto kuwa kulia.

Uso uliolala chali

Draiva huwa na pembe ya uso ya nyuzi 9 hadi 12 hivi. Chuma namba 7 cha siku hizi huwa na nyuzi 30 hadi 34, na weji ya mchanga nyuzi 54 hadi 58. Hata fimbo ya kusukumia mpira shimoni haikusimama wima kabisa. Ina nyuzi 3 au 4, kwa kuwa mpira hudidimia kidogo katika nyasi na lazima uinuliwe kabla haujaanza kubingirika.

Watu wengi hudhani kazi ya pembe hii ni kuuchota mpira na kuurusha juu, kama koleo la mchanga. Kwa sababu hiyo anayejifunza hujaribu kuuzolea mpira kutoka chini, akaishia kulima ardhi. Ukweli ni kwamba uso na mpira hukutana kwa takriban sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Katika muda huo hakuna kuchota. Mpira unabonyea, unang'ang'ania uso, kisha unaruka ukiwa umepewa mambo mawili kwa pamoja: mwelekeo wa kupanda na mzunguko wa kurudi nyuma. Mzunguko unatokea kwa sababu uso uliolala chali haugongi katikati ya mpira kwa unyoofu. Unaupitia chini kidogo, ukiukwaruza. Kadiri uso unavyolala zaidi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya mpigo inavyogeuka kuwa mzunguko, na inayobaki kuwa mwendo wa mbele inapungua.

Mzunguko huo una kazi kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mpira unaozunguka kwa kurudi nyuma huisukuma chini hewa inayoachwa nyuma yake, nayo hewa huusukuma mpira juu. Mjerumani Heinrich Magnus aliichunguza nguvu ya aina hii mwaka 1852. Aliyeitumia kwa gofu ni Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambaye katika miaka ya 1890 alichapisha uchunguzi wake juu ya mwendo wa mpira unaozunguka. Alikokotoa kwamba mpira usio na mzunguko usingeweza kukaa hewani muda mrefu kama mipira ya wachezaji hodari ilivyokaa, na kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu kinachoubeba. Wachezaji wa wakati ule waliuona mzunguko kuwa dosari ya mpigaji, si msaada. Tait hakuwa mtu wa ofisini tu. Mwanawe Freddie alikuwa bingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1896 na tena mwaka 1898, kabla ya kuuawa vitani Afrika Kusini mwaka 1900.

Vishimo vidogo vidogo vilivyo juu ya ngozi ya mpira vinahusiana na jambo hilohilo. Mipira ya utomvu mgumu iliyoanza kutumika mwaka 1848 ilikuwa laini, na wachezaji wakagundua kuwa mpira mkuukuu uliojaa mikwaruzo unaruka vizuri kuliko mpya. Mwingereza William Taylor alisajili hataza ya vishimo mwaka 1905. Ngozi yenye vishimo hupunguza ukinzani wa hewa, na mzunguko nao ukapata pa kushika.

Kwa wachezaji wa kulipwa wa Marekani, mpira uliopigwa kwa draiva huzunguka takriban mara 2,600 au 2,700 kwa dakika, na uliopigwa kwa chuma namba 7 takriban mara 7,000. Ule wa draiva huondoka ardhini kwa nyuzi 11 hivi, na wa namba 7 kwa nyuzi 16. Hapa mwanafunzi makini atauliza: kama uso una nyuzi zaidi ya 30, kwa nini mpira uondoke kwa nyuzi 16 tu? Ni kwa sababu pembe iliyopimwa kiwandani si pembe inayofika kwenye mpira. Mchezaji mzuri hutanguliza mikono mbele ya kichwa cha fimbo wakati wa kugonga, na kwa kufanya hivyo huuinamisha mpini mbele na kuupunguzia uso ulalaji wake. Isitoshe, kichwa chenyewe huwa bado kinashuka. Mpira hufuata zaidi uso, lakini huvutwa kidogo na njia ya kichwa, hivyo huondoka mahali fulani kati ya viwili hivyo, karibu zaidi na uso. Mwanafunzi anayejaribu kuchota hufanya kinyume: mikono hubaki nyuma, uso hulala zaidi, namba 7 yake ikawa namba 9.

Jambo moja la ajabu katika vipimo vya wachezaji hao ni kwamba kimo cha juu kabisa cha mpira hakitofautiani sana kati ya fimbo na fimbo. Draiva, namba 7 na weji zote hufikisha mpira karibu na mita 30 juu. Wa draiva hufika huko kwa mwendo mkali na mzunguko mdogo, wa weji kwa mwendo mdogo na mzunguko mkubwa. Tofauti iko katika kutua: wa draiva hutua kwa mshazari na kuendelea kukimbia, wa weji hushuka kwa mteremko mkali zaidi na kusimama.

Atakayetaka kuona kazi ya hewa kwa kuiondoa kabisa, amkumbuke Alan Shepard. Mwezi Februari 1971, akiwa katika safari ya Apollo 14, alifunga kichwa cha chuma namba 6 kwenye mpini wa chombo cha kuchotea udongo, akapiga mipira juu ya Mwezi kwa mkono mmoja. Huko hakuna hewa. Pembe ya uso iliendelea kuamua mpira uondoke kwa mteremko gani, lakini mzunguko haukuinua wala kupinda chochote. Huku kwetu hali iko katikati. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Mpira hukutana na ukinzani mdogo zaidi, hivyo huenda mbali zaidi, lakini pia hubebwa kidogo na hupinda kidogo. Mgeni kutoka pwani hupitisha mpira juu ya shabaha kwa siku kadhaa kabla hajazoea.

Namba si pembe

Hakuna sheria inayosema chuma namba 7 lazima kiwe na nyuzi kadhaa. Namba ni jina tu. Katika miaka ya 1970 namba 7 ilikuwa na nyuzi karibu 38. Leo zipo zenye nyuzi 28 au chini ya hapo. Mchezaji anayenunua seti mpya na kufurahi kwamba namba 7 yake inafika mbali kwa mita 15 zaidi, mara nyingi amenunua namba 6 au 5 ya zamani iliyoandikwa namba nyingine.

Tusiwalaumu watengenezaji kupita kiasi. Siku hizi huuweka uzito wa kichwa chini zaidi na nyuma zaidi, jambo linalosaidia mpira kupanda hata kama uso umesimama, na kama wasingepunguza nyuzi mpira ungepaa mno. Hata hivyo biashara nayo imo, na matokeo yake yanaonekana upande wa pili wa mfuko. Weji ya kwanza katika seti, ambayo zamani ilikuwa na nyuzi karibu 50, sasa mara nyingi ina 44 au 43, ilhali weji ya mchanga imebaki kwenye 56. Baina yao pakawa na pengo la nyuzi 12, ikabidi iundwe weji nyingine ya kuliziba, nayo inauzwa kwa bei yake. Anayekusanya fimbo moja moja kutoka kwa watu tofauti azipime pembe zake asitegemee namba, la sivyo atakuwa na fimbo mbili zinazofika mahali pamoja na pengo kubwa pasipokuwa na fimbo.

Pembe ya mpini, ambayo wengi hawaijui

Sasa tumefika kwenye pembe inayowaumiza watu kimyakimya. Chuma namba 7 cha kawaida huwa na pembe ya mpini ya nyuzi 62 au 63. Kipimo hiki kimekadiriwa kwa mtu wa kimo cha wastani na mikono ya wastani. Mtu mrefu sana akiishika, mpini husimama zaidi na kidole cha kichwa hugusa ardhi huku kisigino kikiinuka. Mtu mfupi akiishika, mpini hulala na kidole huinuka angani.

Kuna ubaya gani kidole kikiinuka? Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kitabu. Kishike kitabu wima, jalada likitazama dirisha, kisha uinue upande wake wa kulia kana kwamba unazungusha usukani. Jalada bado linatazama dirisha. Sasa kilaze kitabu chali kidogo, jalada likitazama juu ya dirisha, halafu uinue tena upande wa kulia. Safari hii jalada linageukia kushoto. Ndivyo ulivyo uso wa fimbo. Uso uliolala chali, ukiinuliwa kidole, hugeukia kushoto hata kama mchezaji ameulenga sawasawa. Ukiinuliwa kisigino, hugeukia kulia. Na kadiri unavyolala zaidi ndivyo kosa linavyokua.

Hesabu yake si ngumu: kosa la mwelekeo ni karibu sawa na kosa la pembe ya mpini likizidishwa na tanjenti ya pembe ya uso. Tuseme mpini umekosea kwa nyuzi 4. Kwa draiva ya nyuzi 10, uso unageuka kwa nyuzi 0.7 tu. Kwa chuma namba 7 cha nyuzi 34, unageuka nyuzi 2.7, ambazo kwa umbali wa mita 140 ni sawa na mita 6 na nusu hivi kando ya shabaha. Kwa weji ya nyuzi 46, unageuka nyuzi 4 kamili; kwa mita 100 tu ni mita 7. Kijana mfupi mwenye fimbo za mtu mrefu atapeleka mpira kushoto kila mara anapokaribia shimo, yaani kwa fimbo zile zile ambazo zilipaswa kuwa rahisi kuliko zote. Ataambiwa anafunga mikono mapema. Atajifunza kuufungua uso ili kufidia, na hapo mwendo wake wote utakuwa umejengwa juu ya kosa la mtu mwingine. Siku atakayopata fimbo zinazomfaa, mpira utakwenda kulia.

Aliyelifanya jambo hili kuwa la kawaida katika biashara ni Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani kabla ya kuanzisha kampuni yake ya Ping. Katika miaka ya 1970 kampuni hiyo ilianza kutia alama za rangi kwenye vichwa vya vyuma vyake kuonyesha pembe ya mpini: nyeusi kwa pembe ya kawaida, na rangi nyingine kwa zilizosimama au kulala zaidi. Nukta ndogo ya rangi unayoiona kwenye fimbo kuukuu za Ping haikuwa pambo.

Soli na mchanga

Pembe ya soli inahitaji maelezo machache. Soli yenye nyuzi nyingi, tuseme 10 hadi 14, huzuia kichwa kuzama. Kikiingia mchangani, ukingo wa nyuma hugusa kwanza na kukipandisha, kama chini ya mtumbwi inavyoteleza juu ya maji. Gene Sarazen wa Marekani ndiye aliyeipa weji ya mchanga umbo lake la kisasa kwa kuongeza madini chini ya soli, na mwaka 1932 aliitumia kushinda mashindano ya wazi ya Uingereza katika uwanja wa Prince's. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo lilimjia alipokuwa akitazama jinsi mkia wa ndege unavyofanya kazi.

Kwenye ardhi ngumu ya kiangazi soli hiyohiyo huwa adui: hudunda, ukingo wa mbele ukaukata mpira katikati, nao ukaruka chini chini kama jiwe. Pale afadhali soli ya nyuzi 4 hadi 8. Kumbuka pia kwamba kutanguliza mikono mbele hupunguza pembe ya soli kwa kiasi kilekile kinachopunguza pembe ya uso, na kuufungua uso huiongeza.

Mpira hufuata uso au njia?

Kwa miaka mingi walimu wa gofu walifundisha kwamba mpira huanza safari yake kwa kufuata njia ya kichwa cha fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso ulikotazama. Ilikuwa kanuni nyepesi kukariri, na ilikuwa na kasoro. Waingereza Alastair Cochran na John Stobbs walikwisha kuandika mwaka 1968 kwamba uso ndio wenye kauli kubwa tangu mwanzo. Mwanafizikia wa Marekani Theodore Jorgensen akalieleza jambo hilo kijiometri katika kitabu chake cha mwaka 1994. Kanuni ya zamani ikaendelea kufundishwa hata hivyo, hadi vyombo vya rada, kama vya kampuni ya TrackMan ya Denmaki iliyoanzishwa mwaka 2003, vilipoanza kupima mpira mmoja mmoja mbele ya macho ya watu. Ilionekana kwamba mwelekeo wa kuanzia hutokana na uso kwa takriban asilimia 85 kwa draiva na asilimia 75 hivi kwa vyuma.

Tofauti hii si ya wasomi tu. Tuseme kuna mti mbele ya mchezaji, na shimo liko moja kwa moja nyuma yake. Kanuni ya zamani ilimwambia: elekeza uso shimoni, piga kwa njia inayopita kulia kwa mti, mpira utaanza kulia kisha urudi. Mpira ukafuata uso, ukagonga mti. Anachopaswa kufanya ni kuuelekeza uso kulia kwa mti, na njia ya fimbo ielekee kulia zaidi ya uso.

Kinachoupinda mpira ni tofauti kati ya uso na njia. Uso ukitazama kushoto kwa njia, mpira hupinda kushoto. Ukitazama kulia kwa njia, hupinda kulia. Fikiria mpira umechomwa mshikaki na unauzunguka mshikaki huo. Mshikaki ukiwa mlalo kabisa, mpira huinuliwa tu. Mshikaki ukiinama upande mmoja, mpira hupindia upande ulioinama. Watu husema mpira una mzunguko wa juu na mzunguko wa pembeni, kana kwamba ni miwili. Mzunguko ni mmoja, mshikaki ndio ulioinama.

Hapo pembe ya uso inarudi kwa mlango wa nyuma. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya uso na njia huuinamisha mshikaki kwa nyuzi 13 hivi katika mpigo wa draiva, lakini kwa nyuzi 4 tu katika mpigo wa weji, kwa kuwa weji inatoa mzunguko mkubwa wa kurudi nyuma unaoumeza ule wa upande. Ndiyo maana mtu mmoja, kwa mikono ileile na kosa lilelile, hupiga weji ikaenda moja kwa moja na draiva ikaishia vichakani kulia. Watengenezaji wanalijua hilo vyema. Draiva nyingi zinazouzwa kwa wanaoanza hutengenezwa zikiwa na uso ulioelekezwa kushoto kwa nyuzi 1 au 2, au uzito ulioongezwa upande wa kisigino ili uso ufunge mapema. Ni msaada halali, mradi mnunuzi aambiwe.

Jaribio la kalamu

Pembe ya mpini inaweza kukaguliwa bila mashine yoyote. Chukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia ubao mweupe, uchore mstari mmoja mnene juu ya mpira. Uweke mpira chini, mstari ukiwa wima na ukielekea uso wa fimbo, kisha upige kama kawaida. Wino utaacha alama usoni. Alama ikikatana na mifereji ya uso kwa pembe mraba, mpini unakufaa. Ncha ya juu ya alama ikielekea kidole, mpini umesimama mno na mipira yako itakuwa ikienda kushoto. Ikielekea kisigino, mpini umelala mno na itakuwa ikienda kulia. Rudia mara tano au sita, maana mpigo mmoja hautoshi kuwa ushahidi.

Ikiwa alama imeinama kila mara upande uleule, fundi mwenye mashine ya kushikilia kichwa anaweza kuipinda shingo kwa nyuzi 2 au 3. Chuma cha kufuliwa hukubali kwa urahisi. Cha kumiminwa ni kigumu zaidi na kinaweza kukatika, hivyo ni vizuri kuuliza ni cha aina gani kabla ya kazi kuanza.